Jinsi nilivyosawazisha kabati na meza ya mashine yangu ya leza

Mashine yangu ya leza ni ile ndogo ya Kichina inayouzwa kama ya wati 40, ambayo watumiaji wengi huiita K40. Niliinunua ikiwa imeshatumika, nikaiweka chumba cha nyuma cha nyumba yetu Sinza ili nikate majina ya mbao na mapambo ya akriliki. Kwa miezi miwili plaiwudi ya milimita 3 ilikatika vizuri upande wa nyuma kushoto, lakini kila nilipofika kona ya mbele kulia kipande kilibaki kimeshikwa na nyuzinyuzi za chini, na nikikilazimisha kilitoka kimebanduka ganda.

Kosa langu lilikuwa kuitegemea pima maji. Niliiweka juu ya kabati, yaani sanduku la bati la mashine yenyewe, nikasukumia vipande vya kadibodi chini ya miguu mpaka kiputo kikatulia katikati, na kazi haikubadilika hata kidogo. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mwale wa leza hauna habari na usawa wa ardhi. Unachotaka ni umbali uleule kati ya lenzi na mbao, popote kichwa kinachobeba lenzi kinapokwenda. Lenzi ya mashine yangu hukusanya mwale katika umbali wa milimita 50.8, na mbao ikishuka milimita tatu au nne chini ya hapo, nukta hupanuka, nguvu husambaa, na mbao huungua badala ya kukatika.

Nilimwendea fundi mmoja wa vyuma Gerezani, mzee wa makamo ya baba yangu, nikitaka anitengenezee meza mpya, naye akakataa kupokea vipimo vyangu kabla hajaliona kabati lenyewe. Alipofika alifungua kifuniko, akavuta nyuzi mbili kutoka kona hadi kona ya mdomo wa kabati zikapishana katikati, kisha akainama na kuchungulia kwa jicho moja. Nyuzi hizo zilipaswa kugusana kidogo tu, lakini kati yake palikuwa na mwanya wa kupitisha sarafu mbili. “Mwanangu, hili limejipinda,” akasema, “na hayo makadibodi yako yamelizidishia.” Bati la kabati ni jembamba, na linapokalia meza isiyo sawa hujikunja, likazivuta na reli za kichwa zilizofungwa ndani yake.

Akanichomelea fremu ya skwea paipu yenye bolti nne badala ya miguu, tukawa tunakaza na kulegeza mpaka nyuzi zikagusana. Nafikiri hatua hii ndiyo iliyookoa kazi nzima, kwa sababu meza yoyote ambayo ningeitengeneza juu ya kabati lililopinda ingerithi upindaji uleule.

Kabla ya kukata chochote ndani, niliichomoa mashine kwenye umeme tangu usiku uliotangulia, kwa kuwa kisanduku chake cha umeme hutoa maelfu ya volti na kinaweza kubaki na chaji. Nilitoa pia bomba la kioo la leza, vioo vya kuelekeza mwale na lenzi, maana cheche za grainda zingeviharibu. Ndipo nikang'oa kibanio cha kiwandani cha kushikia kazi kilichokaa katikati, nikafupisha mdomo wa njia ya moshi uliokuwa ukila nafasi ya kazi, na kulainisha kingo kwa tupa.

Meza mpya ni wavu wa chuma juu ya fremu nyepesi. Sikutumia mbao, kwani unyevu wa Dar es Salaam ungeivimbisha. Inasimama juu ya bolti nne za milimita 6, zile za spana namba 10, ambazo nati yake ikizungushwa mzunguko mmoja kamili hupanda milimita 1 kamili. Jambo hilo dogo lilinifurahisha sana, kwa sababu sikuhitaji tena kukisia.

Baada ya kurudisha vioo na kuhakikisha, kwa kubandika karatasi ya gundi, kwamba mwale unapiga mahali pamoja katika kona zote, nililaza ubao kwa mteremko nikachora kwa leza mstari mmoja juu yake. Pale mstari ulipokuwa mwembamba kuliko pote ndipo palikuwa na umbali sahihi kati ya kichwa na ubao, nami nikakata kipande cha akriliki cha kimo hicho. Nilikipitisha chini ya ncha ya kichwa kona baada ya kona: kushoto kiligusa, lakini mbele kulia palibaki mwanya wa milimita 4. Mizunguko minne ya nati ikauziba.

Jioni hiyo nilikata herufi kumi katika kona hiyo, zote zikadondoka zenyewe kupitia wavu. Wiki iliyofuata nati moja ilikuwa imelegea kwa mtetemo, nikaongeza nati ya pili chini ya kila moja ili zibanane, na mpaka sasa kile kipande cha akriliki hupita kona zote nne kwa mguso uleule.