Debian kamili ndani ya simu bila kuroot: nilivyoikomesha signal 9 nikiwa Lamu

Huhitaji kuroot simu, yaani kujipa mamlaka yote ya mfumo wake, ili uendeshe Linux ya kompyuta yenye madirisha, kipanya na kila kitu. Nalianza hili kwa sababu limenikera muda mrefu: ukimuuliza mtu yeyote, jibu la kwanza ni root. Ukiroot, programu nyingi za benki hukataa kufunguka, dhamana ya simu inaweza kufa, na ukikosea hatua moja unabaki na simu isiyowaka. Mimi natumia simu ya Android 13 yenye RAM ya GB 4, haijaguswa ndani kabisa, na humo naandika kwa LibreOffice, nahariri picha kwa GIMP na kufungua Firefox ya kompyuta.

Kazi inabebwa na vitu vitatu. Termux ndiyo terminali, mahali pa kuandika amri. Ichukue F-Droid au GitHub, kwa maana maelekezo mengi, pamoja na haya, yanafuata toleo la huko. proot-distro ndiyo inayoleta Debian (aina moja ya Linux) na kuidanganya iamini kuwa imepewa root, kumbe proot inasimama katikati na kugeuza maombi inayotuma kwa kernel, kiini cha mfumo. Ndiyo maana kazi za faili nyingi ndogo, mfano kusakinisha paketi, huenda polepole. Cha tatu ni Termux-X11, ndiyo skrini. Hapa wengi hukwama, kwa sababu inakuja vipande viwili: APK (faili la kusakinisha programu ya Android) unayoipakua GitHub, na paketi inayoingia ndani ya Termux. Ukiwa na kimoja tu utaangalia weusi mpaka uchoke.

Ndani ya Termux:

pkg update && pkg upgrade
pkg install x11-repo
pkg install termux-x11-nightly proot-distro pulseaudio
proot-distro install debian

Ukishaingia kwa proot-distro login debian, weka xfce4 (ndiyo XFCE, inayoleta madirisha na paneli), dbus-x11, sudo na adduser kwa apt, kisha ujitengenezee mtumiaji. Wangu nimemwita fundi. Acha GB 5 za nafasi, na bando liwe la kutosha. Mimi GB 3 zilinifikisha, LibreOffice ikiwemo. Usijaribu kuhamishia Debian kwenye memori kadi: kadi haishiki ruhusa za faili wala viungo vyake vya Linux, na mfumo wote utavunjika. Hati zako ndizo zikae kwenye /sdcard, ambayo licha ya jina ni hifadhi ya kawaida ya ndani ya simu, si memori kadi.

Kuwasha nimeandika faili moja yenye mistari hii:

termux-wake-lock
pulseaudio --start --load="module-native-protocol-tcp auth-ip-acl=127.0.0.1 auth-anonymous=1" --exit-idle-time=-1
termux-x11 :0 &
sleep 3
proot-distro login debian --user fundi --shared-tmp -- env DISPLAY=:0 PULSE_SERVER=127.0.0.1 dbus-launch --exit-with-session startxfce4

Hilo neno --shared-tmp usilisahau. Mlango wa skrini unakaa ndani ya folda ya tmp ya Termux, na Debian ina tmp yake. Bila kuziunganisha, XFCE italia kwamba haioni display hata kama Termux-X11 iko wazi mbele yako.

Sasa signal 9. XFCE iliwaka vizuri, nikafungua LibreOffice, na baada ya dakika mbili tatu kila kitu kikapotea. Kurudi Termux nikakuta: Process completed (signal 9), yaani mchakato umeuawa kwa nguvu. Nikafunga programu zote za simu, ikarudia. Nikapunguza mapambo ya XFCE, ikarudia. Nikaambiwa RAM ni ndogo, ninunue simu nyingine. Lakini amri ya free -h ilionyesha RAM bado ipo, hivyo hapo pakanipa shaka.

Kumbe kuanzia Android 12, mfumo unahesabu michakato midogo inayozaliwa na programu, na kikomo ni 32 kwa simu nzima, si kwa kila programu. Ikizidi, Android inaua bila kuuliza. Nikapiga ps -e | wc -l kabla sijafungua chochote: ishirini na kitu tayari. Paneli ni mchakato, mandhari ni mchakato, kila kitufe cha paneli kinaweza kuwa mchakato, dbus nayo. LibreOffice na Firefox zikiingia, kikomo kimepita. Simu haikuwa dhaifu hata kidogo.

Dawa ni amri moja ya adb, chombo cha kuituma simu amri za ndani, na watu watakwambia utafute kompyuta. Si lazima. Simu inaweza kujipa amri yenyewe. Weka pkg install android-tools, kisha nenda kwenye mipangilio, gusa nambari ya muundo mara 7 ili chaguo za wasanidi programu zifunguke, uwashe utatuzi usiotumia waya. Mimi hapo nilikwama: swichi inadai Wi-Fi, na mimi natumia bando tu. Nikachukua simu ndogo ya pili, nikafungua hotspoti yake. Haikuwa na hata shilingi ya bando. Haidhuru, kinachotakiwa ni simu kuona Wi-Fi, si intaneti. Simu ikiuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali.

Halafu ukichagua kuunganisha kwa msimbo, kinatokea kidirisha chenye tarakimu 6 na nambari ya mlango (port). Ukihamia Termux kuandika, kidirisha kinafungwa na mlango unakufa. Nilirudia hilo mara nne nikidhani nakosea tarakimu. Ujanja ni kugawa skrini mbili: mipangilio juu, Termux chini, vyote viko hai kwa pamoja. Ndipo uandike:

adb pair localhost:MLANGO
adb connect localhost:MLANGO

Angalia sana: milango hii miwili haifanani. Wa pair uko kwenye kidirisha, wa connect uko kwenye ukurasa wenyewe wa utatuzi. Ukiweka mmoja mahali pa mwingine utapewa kosa lisilokwambia lolote. localhost ikikataa, tumia anwani ya IP inayoonekana hapo hapo. Kisha:

adb shell settings put global settings_enable_monitor_phantom_procs false

Badilisha put iwe get na uondoe false mwishoni, uone kama jibu ni false. Baada ya hapo zima utatuzi, mpangilio unabaki. Kwenye Android 14 na kuendelea, angalia kwanza ndani ya chaguo za wasanidi programu kama kuna swichi ya kuzima vizuizi vya michakato midogo. Ikiwepo hizo adb zote huzihitaji. Tangu siku ile sijaiona signal 9 tena, na nimeshawahi kufungua LibreOffice, GIMP na Firefox pamoja.

Mengine ni madogo. Zima compositing ya XFCE (vivuli na uwazi wa madirisha), madirisha yatakuwa mepesi. Chromium haiwaki ndani ya proot bila --no-sandbox, ndiyo maana mimi nabaki na Firefox. systemctl haifanyi kazi kwa kuwa systemd, msimamizi wa huduma za Linux, haipo, na programu za snap vile vile. Programu zilizoundwa kwa x86 pekee (chipu za kompyuta nyingi) hazitakubali zenyewe, simu hizi zina chipu za ARM. VNC, njia nyingine ya kuonyesha skrini, inafanya kazi pia, lakini ukishaonja Termux-X11 hutaitamani.

Kibodi yangu ni ya USB na waya wa OTG (wa kuchomeka USB kwenye simu), vyote viwili kama elfu moja na mia kadhaa. Kwa sisi wa pwani, chumvi ya hewa inaingia kwenye tundu la chaji: kibodi ikianza kukatika-katika, zima simu, usafishe tundu kwa brashi laini kavu kabla hujalaumu Linux. Na msimu wa kaskazi usifanye kazi nzito huku unachaji. Simu ikipata joto hujipunguzia kasi, na XFCE inakuwa kama inavuta nanga.

Kwa wanaoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na hapa Lamu tuko wengi, weka paketi ya fonts-hosny-amiri. Fonti hiyo ina پ na چ na ڤ na گ, ambazo fonti nyingine huziacha visanduku vitupu. Ndani ya LibreOffice washa mpangilio wa maandishi changamano kwenye sehemu ya lugha, kisha uchague mwelekeo wa kulia kwenda kushoto, mstari utaanzia kulia.

Ukifuta Termux, Debian yote inaondoka nayo. Kwa hiyo fanya termux-setup-storage mara moja, halafu kila mwezi napiga proot-distro backup debian --output /sdcard/debian.tar.gz na kuinakili kwenye flashi. Nilipobadilisha simu, proot-distro restore ilinirudishia kila kitu, mpaka picha ya mandhari.