Fomu mbili

Nipo Igurusi leo, bonde la Usangu, mkoani Mbeya. Begini nina fomu mbili za shahada ya uzamili: uhandisi wa barabara na uhandisi wa rasilimali za maji.

Barabara ndiyo kazi yangu mwaka wa tano sasa.

Jioni baba akanipeleka shambani. Mfereji mkavu. Akainama, akang'oa bonge la tope lililopasuka, akaniwekea kiganjani.

Halikulowesha hata kidole.

Hakusema kitu.

Maji ya Usangu ndiyo yanayoingia mto Ruaha Mkuu, yakashuka hadi mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu kutuwashia taa. Tangu 1993 mto huo umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Darasani nililisoma, leo limenikaa kifuani.

Fomu ya maji nimeijaza nusu. Nisome kwa utafiti mtupu, au kozi na tasnifu?

Mliopita huko, nishaurini jamani.