Unene wa Vidole Vinne

Somo la wiki: 1 Wafalme 7:13–22, kisha Yeremia 52:17–23. Yasome yote mawili kabla ya kuendelea, polepole, hata zile aya za vipimo ambazo wengi wetu huziruka.

Wapendwa katika Bwana,

Jumamosi iliyopita nilikwenda kugombana na mtu, nikarudi nyumbani na kipande cha chuma kwenye mkoba.

Kijana wangu wa pili alimaliza kidato cha nne akiwa na alama za kumpeleka chuo kikuu. Hakwenda. Alichagua gereji moja hapa Nakuru, upande wa viwandani, kwa mzee mmoja anayejenga magari ya mbio. Nasema anajenga, kwa sababu kutengeneza ni neno dogo. Huchukua gari la kawaida, mara nyingi Subaru au Mitsubishi, akalivua kila kitu mpaka likabaki ganda, halafu akaliinua upya liweze kupita kwenye mawe na vumbi kwa mwendo ambao ungelisambaratisha gari langu au lako. Wapenzi wa mbio wanamheshimu mno. Tangu Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka wa 2021 na kufanyiwa Naivasha, ndani ya kaunti yetu hii, vijana wa Nakuru huwataja mafundi kama yeye jinsi sisi tulivyokuwa tukiwataja wahubiri wa mikutano mikubwa.

Mimi ni mwalimu. Nilitaka mtoto awe na digrii. Nilikubali shingo upande, nikanyamaza.

Kisha zikapita wiki mbili akirudi nyumbani amenuna. "Leo amekata tena," ndiyo yalikuwa maneno yake, halafu kimya. Kazi aliyoifanya siku nne, mzee aliipitisha grainda mara tatu, akamwambia aanze upya. Nilipomuuliza ni kazi gani hiyo, akasema ni kuchomelea bomba mahali ambapo hakuna binadamu atakayepaona kamwe. Mikono yake ilikuwa na alama za cheche mpaka kwenye viwiko. Nikajiambia, huyu mzee anamtesa mtoto. Nikavaa viatu.

Mvua ilikuwa ikishuka kutoka Menengai. Mzee alinikuta mlangoni akijifuta mikono kwa kitambaa. Ni mtu mdogo wa umbo, mwenye mvi, na ovaroli yake imefifia hata huwezi kujua kama ilikuwa ya buluu au ya kijivu. Sikungoja kiti. Nilimwambia yote niliyokuja nayo, nikamalizia kwa kusema kama kijana hatoshi, aniambie nimchukue.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaagiza katoni itandazwe chini ya gari lililokuwa katikati ya gereji, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, utaweza kulala hapo kidogo?"

Nikajifunga leso, nikalala.

Hebu niwaeleze nilichokiona, maana bila hicho sina tafakari ya wiki hii. Lile gari halikuwa na viti, wala dashibodi, wala zulia. Ndani yake kulikuwa na keji ya mabomba ya chuma, inayomzunguka dereva na msaidizi wake kama mbavu zinavyouzunguka moyo. Bomba kuu, lile linalopita nyuma ya vichwa vyao, lina kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, na sharti liwe bomba lisilo na mshono. Ndivyo kanuni za mbio zinavyodai. Mabomba yanapokutana lazima yachomelewe mzunguko mzima. Hapo ndipo penye kazi. Kule juu kabisa bomba limekaribiana na paa hata mkono haupiti. Kwa hiyo fundi mwaminifu hutoboa sakafu, akaishusha keji yote kupitia matundu hayo, akachomelea kule juu ambako sasa kuna nafasi, kisha akaipandisha tena na kuyaziba matundu. Siku kadhaa zinaishia hapo. Fundi mwingine huchomelea robo tatu anayoifikia, akapuliza rangi, akakabidhi gari.

Mzee alinipa tochi na kioo kidogo kama cha daktari wa meno. Nikatazama juu. Mshono ulikuwa umezunguka bomba lote, vijimawimbi vimelaliana kwa usawa kama magamba ya samaki.

"Huo ni wangu," alisema. "Sasa tazama upande wa pili."

Upande wa pili ulikuwa wa mwanangu. Mbele ulikuwa mzuri kama ule wa mzee. Nyuma ulikuwa na pengo. Dogo, labda upana wa kucha.

"Mzee," nikasema, "hapa nani ataona?"

"Mteja haoni. Dereva naye haoni, isipokuwa siku gari ikipinduka."

Akaenda kwenye meza yake, akarudi na kipande cha bomba kilichokatwa kama pete, akakiweka kiganjani mwangu. Akasema watu huja kwake kwa ajili ya injini. Wanataka mlio. Wanauliza nguvu za farasi. Yeye injini huifanya mwisho, baada ya kuwa na hakika dereva atarudi kwa watoto wake. Kisha akasema neno ambalo mimi, mwenye miaka mingi darasani, ningetamani ningekuwa nimelisema mimi: "Mtoto wako anachomelea vizuri kuliko wote nilio nao, pale anapofika. Mimi namfundisha pale asipofika."

Nilikuwa na hotuba nzima kichwani. Sikuikumbuka tena.

Jioni ile kijana alizungumza nami tukila ugali, mara ya kwanza kwa siku nyingi, kwa sababu sasa nilikuwa na la kumuuliza. Akanisimulia habari za Horacio Pagani, mzaliwa wa Argentina aliyekwenda Italia kufanya kazi Lamborghini. Aliwaomba wanunue tanuri kubwa la shinikizo la kuokea nyuzi za kaboni. Wakamjibu kwamba Ferrari hawana, basi nao hawana haja nalo. Akakopa pesa, akanunua lake mwenyewe mwaka wa 1987. Gari lake la kwanza, Zonda, lilionekana Geneva mwaka wa 1999. Kijana akasema boliti za titani za magari ya mtu huyu huchongwa jina, moja baada ya nyingine. Nami nikamsimulia ya babu yake, aliyekuwa akitupeleka kando ya barabara siku za Pasaka kungoja magari ya Safari, na ambaye hakuchoka kumtaja Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi aliyeshinda mwaka wa 1965 akiwa na ndugu yake ndani ya Volvo ambayo haikuwa hata mpya. Baba alipenda sana hilo la kwamba Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva.

Usiku nikafungua 1 Wafalme 7, kwa sababu nilikumbuka fundi mwingine.

Hiramu wa Tiro alikuwa mwana wa mjane wa kabila la Naftali, na baba yake alikuwa mfua shaba. Sulemani alimwita, naye akasubu nguzo mbili za ukumbi wa hekalu, Yakini na Boazi, kila moja dhiraa kumi na nane kwenda juu. Hiyo ni kama mita 8. Juu yake akaweka kichwa cha dhiraa tano. Sasa uko mita 10 kutoka ardhini. Na kule juu, ambako jicho la mwabudu linaona tu mng'ao wa shaba kwenye jua, Hiramu alifanya nini? Akaweka makomamanga mia mbili kwa safu. Akaweka kazi ya mayungiyungi, ua kwa ua. Hakuna kuhani aliyepanda ngazi kuyahesabu. Mama aliyekuja na njiwa wake wawili hakuona kitu. Na Biblia inasema hapo ndipo kazi ya nguzo ilipotimia, walipomaliza maua ya kule juu.

Zamani nililihubiri somo hili kwa watoto wa shule ya Jumapili nikasema: fanyeni kazi nzuri, Mungu anaona. Ni kweli. Lakini naona nilipita haraka mno, kwa sababu sikwenda mpaka Yeremia 52.

Katika 1 Wafalme tunapewa urefu wa nguzo na mzunguko wake. Unene wa shaba yenyewe, katika Biblia tunazosoma, haumo. Inapita karibu miaka 400. Wakaldayo wanaingia Yerusalemu, wanazivunja nguzo vipande vipande wachukue shaba Babeli, na ni hapo, katikati ya msiba huo, ndipo mwandishi anaandika kwamba nguzo ilikuwa wazi ndani na unene wake ulikuwa vidole vinne. Anahesabu na makomamanga: tisini na sita kando, na yote pamoja mia kwenye wavu wa kuzunguka. Nilisoma aya hiyo mara tano huku nimeshika kile kipande cha bomba. Vidole vinne ni karibu sentimita 7. Unene huo unaonekana tu nguzo ikivunjwa. Mayungiyungi ya Hiramu yalitazamwa kwa karibu siku yalipolala chini kwenye vumbi. Na yalikuwa yamekamilika.

Ndugu zangu, nafahamu kwamba wapo miongoni mwetu ambao mwaka huu umewavunja. Sitawaambia kwamba mtu mwenye imani hapinduki. Nguzo za nyumba ya Bwana zilivunjwa, na waliozipenda walilia. Mzee wa gereji naye hakuniambia kwamba keji huzuia ajali. Aliniambia gari moja alilolijenga lilibingirika huko Elmenteita mpaka likawa si gari tena, na dereva akavunjika mkono. Akavunjika mkono, akafungua mkanda, akatoka kwa miguu yake.

Baba watoto wangu alipofariki, watu walisema mimi ni mwanamke wa imani. Nawashukuru, lakini nataka leo niwaambie ukweli wa jambo hilo. Vile vitu vyangu mnavyovijua, kuongoza sifa, kuomba kwa sauti kwenye ibada, kukariri Zaburi, vilininyamazia vyote wiki ile. Sikuweza kuimba. Nilifungua Biblia nikaona herufi. Kilichonishika kilikuwa kitu kidogo ambacho sikukiweka mimi. Nilipokuwa mtoto tuliishi kwa nyanya yangu karibu na Kaimosi, kule ambako misheni ya Marafiki, wale waitwao pia Waquaker, ilianzishwa mwaka wa 1902, naye alikuwa Mrafiki wa damu. Kila alfajiri, kabla jogoo hajawika, aliamka, akaketi kwenye kigoda jikoni gizani, asiseme neno. Nilidhani anangoja maji yachemke. Hakukuwa na maji motoni. Nilimchungulia kupitia nguo iliyokuwa pazia, nikalala tena. Basi wiki ya msiba, saa kumi za usiku, nilijikuta nimeketi jikoni kwangu Nakuru kwenye kigoda, gizani, bila neno, na nilijua kwamba siko peke yangu humo. Nyanya hakunifundisha kuomba hivyo. Hakujua hata kwamba namwona.

Kwa hiyo ninapojiuliza nimeshusha keji yangu mara ngapi tangu wakati huo, nimetoboa sakafu mara ngapi ili Mungu afike pale nisipofika, najua jibu na linaniumiza. Nimepaka rangi sana. Nina kwaya, nina kamati, nina simu iliyojaa mafungu ya maombi. Kuna kinyongo na jamaa yangu mmoja nilichokichomelea robo tatu, ile ya mbele, inayoonekana kanisani, tunasalimiana vizuri. Ile ya nyuma iko wazi, upana wa kucha. Juma hili naomba tusiongeze kitu. Tusianze mfungo mpya wala ratiba mpya. Kila mmoja alale kwenye katoni, atazame juu, aone mahali pake, halafu akubali grainda ipite, hata kama ni kazi ya siku nne.

Jana baada ya shule nilipitia gereji. Sikuwa na shughuli, nilipeleka tu mandazi na chai kwenye chupa. Mzee alinyoosha kidevu kuelekea lile gari, akaendelea na yake. Kijana wangu hakusema kitu. Alitandaza katoni, akanipa tochi na kioo. Nikalala, nikatafuta ule upande wa pili. Mshono ulizunguka. Nilifuata kwa kioo kutoka mbele mpaka nyuma na kurudi, magamba kwa magamba, na pale palipokuwa na pengo sikupatambua.

"Kesho tunaipandisha," akasema kutoka juu. "Halafu tunaziba sakafu."

Nikamwambia anipe dakika moja zaidi, nilikuwa bado natazama.