Nyumbani Tumehamia ThinkPad

Kwa miaka mingi kompyuta ya nyumbani kwetu hapa Bwiru, Mwanza, ilikuwa ya chapa moja tu, na hatukuwahi kujiuliza kwa nini. Baba watoto aliizoea kazini, nami nikaizoea kwa kutunga mitihani na kuandika bajeti ya nyumba, na watoto wakakua wakiijua hiyo hiyo. Mwaka huu tumeiacha na kuhamia ThinkPad, kompyuta mpakato ya Lenovo, na kwa kuwa jambo hili limenifikirisha sana, nimeona niliandike lingali bichi.

Sababu zilikuwa mbili, nazo zilifuatana. Kwanza, bawaba ya kushoto ya kioo ilivunjika, na kwa jinsi mashine ile ilivyoundwa, bawaba hiyo ilishikizwa kwenye plastiki nyembamba, kwa hiyo plastiki ilipopasuka fundi hakuwa na mahali pa kukazia skrubu. Pili, tarehe 14 Oktoba 2025 mfumo wake, Windows 10, ulifikia mwisho wa kupewa masasisho ya usalama ya kawaida, na Windows 11 inahitaji chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au cha baadaye. Yetu ilikuwa ya kizazi cha sita. Kompyuta hiyo ndiyo tunayofungulia taarifa za benki, na sikuwa radhi iendelee kuingia intaneti bila kinga huku sote tukiitumia.

Nilipoanza kuulizia, kila mtu alikuwa na chapa anayoitetea. Mdogo wangu, anayeishi Buhongwa, alinisihi ninunue MacBook Air ya M1, ile iliyotoka Novemba 2020, na hoja zake zilikuwa na uzito. Mashine hiyo haina feni, na Apple yenyewe inaitaja kuwa inaweza kudumu hadi saa 15 za kuperuzi intaneti bila chaja. Kukosa feni si jambo dogo kwa sisi tunaokaa karibu na ziwa, ambako wadudu wadogo hutoka majini kwa makundi, wakafuata taa usiku na kuingia kila penye tundu. Hata hivyo, RAM yake, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, imefungwa pamoja na prosesa, na hifadhi imechomelewa kwenye bodi kuu, hivyo anayenunua ya GB 8 atabaki na GB 8 hadi mwisho wa maisha ya kompyuta hiyo. Kwa mtu anayeishi peke yake na anayejua mahitaji yake, sioni ubaya. Nyumba yetu ina watoto wanaokua, na mahitaji yao ya mwaka kesho siyajui.

Hapo ndipo nilipopata kigezo nilichokishikilia hadi mwisho: ni kitu gani ndani ya mashine hii kinaweza kufunguliwa, kutolewa na kubadilishwa hapa hapa Mwanza, na fundi wa kawaida, kwa kipuri kinachopatikana? Kabla ya hapo nilikuwa nikitazama kioo, wepesi na bei. Vyote vina maana, lakini havinisaidii chochote siku kibodi itakapomwagikiwa chai.

Kigezo hicho kilinielekeza kwenye ThinkPad T480. Jina la ThinkPad lilianza na IBM mwaka 1992, na Lenovo ikalichukua mwaka 2005 iliponunua kitengo cha kompyuta binafsi cha IBM. T480 ilitoka mwaka 2018. Makampuni ya nje huzinunua mashine za aina hii kwa wingi, huzitumia miaka michache kisha huziuza zikiwa bado na nguvu, na ndiyo maana hukosi kuiona kwenye maduka ya kompyuta zilizotumika hapa mjini. Prosesa zake za kizazi cha nane zinakubalika na Windows 11. Ina nafasi mbili za RAM, na hifadhi ya kuchomoa. Zaidi ya hayo, Lenovo imeuweka wazi mwongozo wa matengenezo wake, ambao mtu yeyote anaweza kuupakua bure na kuona kwa picha kila skrubu inavyotolewa. Niliusoma jioni kadhaa kama ninavyosoma muhtasari wa somo, na kwa mara ya kwanza nilihisi naielewa mashine ninayotaka kuinunua.

Fundi wetu yuko ghorofani katikati ya jiji, chumba chembamba chenye meza moja na taa ya kuinamisha. Baada ya shikamoo na marahaba nilimwambia sitaki kuona rangi wala stika, nataka kuona betri. Akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika *powercfg /batteryreport*, na kompyuta ikatengeneza ripoti inayoonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. T480 ina betri mbili, moja ya ndani na nyingine ya nje, nyuma ya mashine. Ya ndani ilikuwa bado nzuri. Ya nje ilikuwa imechoka, haikufika hata nusu ya uwezo wake.

"Hii isikutie hofu, mwalimu," akasema. Akaigeuza mashine, akavuta vishikizo viwili vya chini, betri ya nje ikatoka mkononi mwake, na kioo kikaendelea kuwaka kwa betri ya ndani. Akachukua nyingine kwenye droo, akaipachika, akaiendesha ripoti upya ili nione namba mwenyewe. Sikuwahi kuona betri ikibadilishwa bila kompyuta kuzimwa, na nakiri jambo hilo lilinivutia kuliko sifa zote nilizosomewa.

Kisha akaizima na kuiwasha tena huku akibonyeza F1, tukaingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayotangulia Windows. Hatua hii ningependa kila anayenunua mashine iliyotoka ofisini aizingatie. Baadhi ya makampuni huweka nywila ya usimamizi humo, na kwenye ThinkPad nywila hiyo haifutwi kwa kubadilisha diski wala kwa kusimika Windows upya. Suluhisho rasmi ni kubadilisha bodi nzima. Yetu haikuwa na nywila. Tukiwa humo humo, fundi alizima betri ya ndani kwa programu, akachomoa ile ya nje, ndipo akalegeza skrubu za kava la chini. Skrubu hizo hazidondoki, zimeshikiliwa kwenye kava lenyewe, na nikawaza ni skrubu ngapi zimepotelea kwenye sakafu za mafundi wa mji huu. RAM ya GB 8 ikaongezewa nyingine ya GB 8, kava likarudi, kazi ikaisha.

Kazi iliyonigusa zaidi ilikuwa ya nyumbani. Diski ya ile ya zamani ilikuwa nzima, fundi akaitoa na kuiweka ndani ya kikasha cha USB, nami nikakaa sebuleni Jumamosi nikihamisha folda moja baada ya nyingine. Mitihani ya NECTA ya miaka ya nyuma, bajeti, vyeti vilivyoskaniwa, picha za safari ya Nansio watoto walipopanda feri mara ya kwanza. Mama mkwe alikuja akaketi karibu nami, akatazama kimya kwa muda, kisha akauliza, "Mwanangu, na za baba yenu zipo?" Baba mkwe alifariki akiwa ameacha picha chache sana, nyingi zikiwa ni zile zilizopigwa kwa simu na kuwekwa kwenye kompyuta ile tu. Nilimfungulia folda hiyo kabla ya nyingine zote, akazipitia hadi ya mwisho, ndipo akaridhika. Nilipomaliza nililinganisha idadi ya faili na ukubwa wa kila folda katika diski zote mbili, maana kunakili kunaweza kukatika katikati mtu asitambue.

Programu hazikuwa na shida kubwa. Kwenye mashine za aina hii ufunguo wa leseni ya Windows huhifadhiwa ndani ya bodi yenyewe, kwa hiyo baada ya usimikaji mpya inajithibitisha ikipata intaneti. Kwa maandishi na majedwali tumeweka LibreOffice, ambayo ni bure na inafungua faili zetu za Excel za bajeti bila kuharibu hesabu. Jambo moja nililifanya mapema: tunatumia intaneti ya simu, basi nikaiambia Windows kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo, ili isipakue masasisho makubwa ikamaliza bando bila taarifa. Masasisho hayo nayaruhusu mwenyewe nikiwa na bando la kutosha, nami sijayaacha, kwa sababu ndiyo yaliyotufanya tuhame.

Mazoea yalichukua muda. Katika kona ya chini kushoto, mahali vidole vyangu vilipozoea kupata Ctrl, ThinkPad hii imeweka Fn, na kila nilipotaka kunakili aya hakikutokea kitu. BIOS inaruhusu vitufe hivyo vibadilishane kazi, nami nilivibadilisha. Ile nukta nyekundu iliyo kati ya G, H na B, ya kusogezea mshale, mimi siitumii, lakini binti yetu wa kidato cha pili ameipenda kiasi kwamba kipanya amekiacha. Nikiri pia kwamba kioo cha ile ya zamani kilikuwa na rangi nzuri zaidi. Hiki chetu kimepauka kidogo, na picha za harusi nazitazama kwenye simu.

Umeme unapokatika jioni ndipo tofauti inapoonekana. Zamani kompyuta ilizimika papo hapo na kazi ya mtoto ikapotea. Sasa anaendelea na insha yake kwenye betri ya nje, ikiisha inaingia ya ndani yenyewe, wala hana haja ya kuniita. Chaja nayo ni ya USB-C, hivyo inachaji hata simu ya baba watoto, na waya wa kukanyaga sebuleni umepungua mmoja.

Diski ya zamani sijaifuta. Nimeipeleka Buhongwa kwa mdogo wangu ikiwa na nakala ya kila kitu, ili moto au mwizi wa nyumba moja asiondoke na picha za familia nzima. Kilichobaki ni betri kubwa ya nje ya Wh (saa-wati) 72, ile inayoinua kidogo sehemu ya nyuma ya mashine. Fundi ameahidi kunipigia akiipata, nami nitataka kuiona ripoti yake kabla sijatoa pesa.