Mkanda, pochi na funguo

Tangu Jumapili kuna sentensi moja ya mama inanizunguka kichwani, nimeona bora niiandike hapa maana nikiiacha moyoni inazidi kuvimba. Wiki hii nimepata mkataba wa kudumu kazini na mdogo wangu kajifungua salama Muscat, mtoto wa kike alhamdulillah, lakini nikiweka kichwa kwenye mto sivioni vyote hivyo, namsikia mama tu akisema "kwa hiyo alimwacha nalo".

Ilikuwa hivi. Mvua ilikuwa inanyesha, mwanangu kang'ang'ania twende makumbusho kuona kaburi lake, nasema lake kwa sababu mlioanza kunisoma zamani mnajua anavyolipenda, kaburi la Philippe Jasiri, duki, yaani mtawala wa zamani, wa jimbo la Bourgogne, Ufaransa, lipo hapahapa Dijon ndani ya jumba la maduki na kuingia ni bure. Philippe kalala juu ya marumaru nyeusi, mikono kaikutanisha kifuani, simba miguuni, na chini yake pembeni wanapita waombolezaji wadogo, sanamu za alabasta, jiwe jeupe laini, kila mmoja kama sentimita 40 hivi, hawafiki hata dhiraa. Wengine uso unauona, wengine kofia ya joho imeshuka mpaka kidevuni huoni kitu, unaona mikunjo ya nguo tu na unajua kabisa huyu analia. Mwanangu huchuchumaa mbele ya hao waliojifunika, anachungulia kwa chini kutafuta uso.

Sasa mimi nilikuwa nimesoma habari za mazishi yake. Alifariki 27 Aprili 1404 huko Halle, karibu na Brussels, akarudishwa Dijon safari ya wiki na wiki, kafika Juni. Na huyu alikuwa mtu mkubwa kwelikweli, mtoto wa mfalme, ndugu wa mfalme, mpwa wake Mfalme Charles wa 6 alipopatwa na kichaa mwaka 1392 yeye ndiye aliyekuwa na sauti Ufaransa, na alijenga na kununua na kugawa zawadi bila kupumzika. Alipokufa watoto wake walilazimika kuweka vyombo vya fedha rehani ili wamzike. Ndipo mke wake Marguerite akavua mkanda kiunoni, ukiwa na pochi na funguo, akauweka juu ya jeneza. Ilikuwa desturi yao, mjane akifanya hivyo maana yake mali za ndani sizitaki na madeni yake msinidai.

Nikampigia mama palepale kwenye ngazi. Shikamoo, marahaba, mvua, mtoto, halafu nikamhadithia. Nakiri sikumhadithia bure. Mnakumbuka baba alipofariki, kaka mkubwa alisimama mbele ya watu akasema anayemdai marehemu aje kwetu, wakaja. Mwenye duka kaja na daftari, fundi wa mashine ya boti kaja, na mama akawa anafungua pindo la kanga, anahesabu, anafunga tena. Halafu zikaenda bangili zake mbili. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni naliangalia lile fundo likizidi kuwa dogo na nilikasirika, nilimkasirikia hata marehemu, Mungu anisamehe. Kwa hiyo Jumapili nilitaka mama asikie kwamba kuna mwanamke, tena tajiri mkubwa wa zama zake, alisema hapana na hakuna aliyemtukana.

Mama alinyamaza kidogo. Akauliza, "Na yule maiti, deni lake?"

Nikasema, "Lilibaki, mama. Watajua watoto."

Akasema, "Kwa hiyo alimwacha nalo."

Basi, akahamia kwenye bei ya mchele. Na mimi mpaka leo sijui lile lilikuwa swali au alikuwa ananijibu, maana sauti haikupanda mwishoni lakini haikushuka pia, nimejaribu kuisema mwenyewe jikoni kwa namna zote. Sote tulifundishwa madrasa kwamba roho ya muumini inatundikwa na deni lake mpaka lilipwe. Mama hakuitaja. Angeitaja ningeweza kubishana naye.

Jumatatu na Jumanne nilikuwa namtetea Marguerite kichwani kama wakili. Jimbo la Flandre lilikuwa lake, la baba yake, na la Artois lake, aliingia nayo kwenye ndoa, angeacha wadai wa mume wapige hodi kwake? Na mwenyewe alikufa Machi mwaka uliofuata, hata mwaka haujatimia. Halafu akazikwa Lille na wazazi wake, sio Dijon na mumewe. Hapo ndo nilinyamaza. Karibu miaka 35 ya ndoa, tangu walipooana Ghent 1369.

Jana jioni narudi kazini nakuta mwanangu kapanda juu ya kochi na mwiko wangu mkononi, baba yake kapiga magoti kwenye zulia, mtoto anapiga kelele "Baba, jilinde kulia! Baba, jilinde kushoto!" Hiyo nilimsimulia mimi, ni ya Philippe huyuhuyu, vita vya Poitiers 1356, ana miaka 14 tu, kaka zake wameondolewa vitani yeye kabaki ubavuni kwa baba yake mfalme anamwonyesha adui anakotokea, mpaka wakakamatwa wote wawili wakapelekwa Uingereza. Ndo akaitwa Jasiri, na baadaye baba yake akampa Bourgogne. Nilicheka mpaka nikakaa chini na koti langu limelowa. Nikampigia mama, sio kuuliza kitu, nikamweka mtoto kwenye simu apige kelele zake na mama akawa anaitikia kutoka Tanga, "kulia huko, mjukuu wangu, kulia!"

Bangili nimeshaanza kuuliza bei kwa sonara mmoja kule nyumbani, msimwambie.

Halafu mashine ya kufulia inavuja kwa nyuma, nimetandika taulo mbili na zimeshalowa zote, na dari ya jirani wa chini ipo usawa huohuo.