Qulliq yangu yawaka bila kufuka

Hatimaye qulliq imewaka ukingo mzima bila kufuka. Kwa yeyote anayejifunza taa hii ya jadi ya Wainuiti, iwakayo kwa mafuta ya sili, hapa Iqaluit, kaskazini mwa Kanada, sentensi hiyo inatosha. Kwangu ni jambo la kujivunia, kwani majira yote ya baridi nimekuwa nikifuta masizi darini.

Kuiwasha hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni upande wa kushoto, ambako mwali ulirefuka, ukawa mwekundu, kisha ukatoa moshi. Utambi wa qulliq hausimami kama wa koroboi: ni kuvumwani iliyokaushwa na kuchanganywa na manyoya ya nyasi ya pamba ya tundra, ikatandazwa kwa mstari mwembamba kwenye ukingo ulionyooka wa bakuli la jiwe. Nilibadilisha mchanganyiko, nikapunguza mafuta, nikainamisha taa. Kushoto kukaendelea kufuka. Bibi anayenifundisha, aliyekulia katika kambi ya Wainuiti, hakunieleza lolote. Alipiga soga tu huku taqqut, kijiti chake cha kuchokolea utambi, ikipita kutoka mwanzo wa ukingo hadi mwisho na kurudi, ikigandamiza kidogo hapa, ikivuta kidogo pale. Nilipoacha kuukodolea macho mwali na kuutazama mkono wake, niliona kwamba hangoji moshi: hulaza utambi mara tu ncha ya mwali inapoanza kurefuka. Kwa mwendo huo wanawake waliyeyusha theluji ya kunywa, wakapika nyama na kukausha mavazi, katika nchi isiyo na miti ya kuni.

Kuhusu vifaa, taqqut ya chuma siipendi, maana hupata moto hadi mkononi. Ya mti hunyonya mafuta, na ncha yake huhamisha mwali vizuri. Mafuta ya zeituni yanafaa kwa mazoezi ya ndani ya fleti, lakini shahamu ya sili iliyoganda, ikipondwa vizuri kabla ya kuwekwa, haina mpinzani.

Nilikuwa nimepanga kuchonga qulliq yangu mwenyewe kwa jiwe la sabuni, jamii ya lile linalochongwa Tabaka, Kisii. Jiwe limebaki kwenye boksi, kwa sababu sasa akili yangu yote iko kwenye kichanja cha kukaushia kamiik, viatu vya ngozi vya Wainuiti, juu ya taa. Kikiwa chini mno, ngozi ya viatu hukakamaa. Kikiwa juu mno, unyevu haukauki. Nimekifunga kwa kamba zinazoweza kufupishwa, nami nitaanza na soksi kuukuu.