Feni ya bafuni yenye taa: nimefika hapa

Juni 8
Bafu letu liko katikati ya vyumba viwili vya kulala, halina hata ukuta mmoja unaotazama nje. Fundi aliyejenga alisema, "Feni mtaweka baadaye, bosi." Baadaye yake imekula miaka 4. Arusha mwezi wa sita maji ya kuoga ni ya moto kweli kweli, na jipsamu ya dari imeota madoa meusi ya kuvu juu ya bomba la mvua. Nimeyafuta kwa dawa ya klorini mara mbili, yamerudi mara mbili.

Dari ina tundu moja tu, la taa. Ndiyo maana nataka feni yenye taa humohumo.

Juni 11
Vipimo: mita 2.4 kwa 1.8, kimo 2.6. Ni mita za ujazo 11 na kidogo. Kanuni inayotumika sana ni hewa ya bafu ibadilishwe mara 8 kwa saa, kwa hiyo nahitaji kama mita za ujazo 90 kwa saa. Ila boksi husema nguvu ya feni ikiwa haina bomba. Yangu itasukuma mvuke mita 4 juu ya dari na kukata kona mbili, basi nikaamua kutafuta ya 150.

Juni 15
Shemeji wa Marekani kajitolea kututumia moja nzuri, kimya, ya 110 CFM (futi za ujazo kwa dakika). CFM moja ni kama mita za ujazo 1.7 kwa saa, kwa hiyo inatosha na kubaki. Lakini ni ya volti 120, hezi 60 (kasi ya umeme kugeukageuka). Transfoma itashusha volti, hezi zetu 50 haizigusi, na mota ya aina ile itazunguka polepole. Nimemshukuru, nimemwomba alete kitu kingine.

Dukani nilikuta aina mbili. Ya kwanza ina mapanga kama feni ya mezani: inafaa ukutani, hewa ikitoka moja kwa moja, lakini ikiwekewa bomba refu inachoka. Ya pili ina gurudumu lenye vibao vingi vyembamba, na hiyo ndiyo inayoweza kusukuma. Imezidi mwenzake kwa Sh 35,000, nikalipa. Kilichonivuta hasa ni taa yake: ina plagi ndogo, ikiungua unachomoa unaweka nyingine. Ile ya kwanza taa imegandishwa kwenye kifuniko, ikifa unabaki na feni gizani. Nimehakikisha pia imeandikwa IPX4, yaani haidhuriwi na maji ya kurushiwa, maana matone ya maji yanafika hadi juu.

Juni 22
Tumefunga. Fundi umeme alitaka feni na taa ziwake kwa swichi moja, "kurahisisha". Nikakataa. Bafu halina dirisha, taa inawashwa hata saa sita mchana, na usiku wa manane mtu anayekwenda haja ndogo hana sababu ya kuwaamsha wengine kwa mngurumo. Tena feni inatakiwa iendelee dakika 15 hivi baada ya mtu kuoga. Tukavuta waya mmoja zaidi, swichi mbili.

Bomba ni PVC ya inchi 4, limefungwa kwenye kenchi likiinama kidogo kuelekea nje, maji ya mvuke yasirudi kwenye mota. Fundi alishauri liishie darini tu, "upepo utajitafutia njia". Njia yake ingekuwa mbao za paa langu.

Juni 23
Jaribio la karatasi ya chooni: kipande kimoja kwenye grili. Mlango wazi, kimenata. Mlango ukifungwa, kikaning'inia, kikaanguka puani kwangu. Mlango ule nilikuwa nimeupigilia mpira chini mwaka jana kuzuia baridi, kwa hiyo hewa ya kuingia haikuwepo na feni ilikuwa inanyonya bure. Nikaung'oa mpira, pakabaki upenyo wa sentimita 2. Karatasi ikanata.

Juni 30
Kioo kinarudi safi dakika 9 baada ya kuoga. Taa ni nyeupe mno, kama ya zahanati. Nitatafuta ya 3000K, yenye mwanga wa manjano kidogo. Dari nitaikwangua Jumamosi.